Somo la Tisa

Nilianza mwaka wa mwisho wa sekondari nikiwa na masomo tisa, na niliyaringia sana. Darasani kwetu wengi walikuwa na manane. Sisi wa tisa tulikuwa wachache na tulijulikana: wengine wakienda uwanjani saa kumi, sisi tulionekana tukivuka ua na vitabu kifuani, tukitembea upesi kama watu wanaongojewa mahali. Hakuna aliyetulazimisha. Mtihani wa kitaifa huhesabu masomo saba. La nane ni la tahadhari, lile moja likikuangusha. La tisa, nikisema ukweli, ni la maringo.

Shule yetu ilikuwa ya kutwa, nje kidogo ya Ruiru ukielekea Juja. Nilipoingia kidato cha kwanza bado kulikuwa na kahawa upande mmoja wa ua. Nilipofika cha nne tulisoma tukitazamana na fleti za ghorofa tano, nguo zimeanikwa kila roshani, na kahawa ilikuwa imerudi nyuma mpaka ng'ambo ya barabara ya udongo, ile ya murram. Nyumbani kwetu kulikuwa huko huko ndani ya kahawa, kwenye kambi ya wafanyakazi wa shamba moja kati ya Ruiru na Thika. Baba alikuwa nyapara wa shamba hilo. Alianza kama kibarua wa kuchuma kabla sijazaliwa, akapanda polepole mpaka akawa mtu wa kuamua mistari ipi ipogolewe leo na nani arudi nyuma akarudie kazi yake.

Nusu ya shamba ilikuwa imeuzwa na kukatwa ploti. Siku moja walikuja vijana wenye helmeti na vyombo vya kupimia, wakasimamisha miguu mitatu ya chombo chao katikati ya mistari aliyoipanda baba mwenyewe. Mmoja alimpungia mkono asogee, kwa sababu alikuwa amesimama mbele ya kioo cha kile chombo. Alisogea. Jioni hiyo alituambia, mimi na mama, kwamba mimi nitakuwa injinia. Mama alimuuliza kama ameniuliza. Alisema hilo si jambo la kuuliza mtoto.

"Jembe nimeshashika kwa niaba yako, Mami," aliniambia. Ananiita Mami kwa sababu nimepewa jina la mama yake, na kwetu binti wa namna hiyo hukaripiwa kwa adabu kidogo. "Wewe shika kalamu."

Basi nikachukua Fizikia, juu ya Baiolojia na Kemia. Kilimo nacho nilikichukua kidato cha tatu, kwa sababu niliona kama alama za bure kwa mtu aliyekulia shambani. Baba alilijua somo hilo lakini hakulihesabu. Alikuwa akiliita "hako ka kilimo kako", kwa sauti ile ile aliyotumia kwa paka wa jirani.

Ikaja kuwa Kilimo sikuwahi kupata chini ya A kasoro, na Fizikia sikuwahi kupita D na kijialama chake cha kujumlisha. Sikuwa mvivu. Niliamka saa kumi alfajiri nikafanya maswali ya mawimbi na mikondo ya umeme mpaka chai iive. Darasani nilielewa. Nikifika langoni nilikuwa nimeshasahau nusu, na siku ya mtihani nilibaki na michoro tu. Mwalimu wa Fizikia, mtu mpole asiye na kelele, alikuwa akinipa karatasi yangu ameigeuza kifudifudi ili wenzangu wasione. Huruma yake iliniudhi kuliko kama angenitukana. Nyumbani nilisema "naendelea vizuri", maneno ambayo hayana alama ndani yake, na baba hakuwa mtu wa kuomba kuona karatasi.

Wiki ya tano ya muhula wa kwanza Deputy, yaani naibu wa mwalimu mkuu, alitusimamisha watu wa tisa baada ya gwaride la asubuhi. Alisema mwenye masomo tisa na D mahali popote atapunguza moja. Fomu ingetolewa Jumamosi, siku ya wazazi wa kidato cha nne. Mzazi angeandika somo linaloachwa na kutia sahihi, na fomu zirudi ofisini kufikia Ijumaa iliyofuata, kwa sababu siku hiyo majina yetu yalikuwa yanapelekwa kusajiliwa.

"Na mkishasajiliwa," alisema, "hakuna cha kuniambia Deputy nisaidie. Uta-sit hiyo paper mpaka mwisho."

Hakuna aliyeniuliza ni somo gani. Wenzangu, mwalimu wa darasa, hata mpishi aliyekuwa akitupa maji ya mradi, wote walijua ni Kilimo. Kilimo ndicho kilichokuwa na matope. Mradi wake ulikula jioni zetu. Kila mtahiniwa alikuwa na tuta lake nyuma ya jikoni, kigingi cha mbao chenye namba yake ya mtihani, na kabichi za kupanda, kupalilia na kutunza mpaka zivunwe, huku mwalimu akipima na kutoa alama kila hatua. Ilikuwa Februari, kavu kabisa, na tulibeba maji kwa mitungi ya lita ishirini kutoka kwenye tangi. Nilikuwa nikiingia darasani sketi imelowa upande mmoja.

Alhamisi ya wiki hiyo ilikuwa siku ya kuhamisha miche kutoka kitaluni. Nami nilikuwa na kipindi cha ziada cha Fizikia saa kumi na moja. Nikapanda mbio mbio. Sikusumbuka na kamba. Nilichimba kwa mkono, nikatumbukiza, nikashindilia, nikakimbia. Nilijua ni kazi mbaya. Nilijiambia kwamba haina maana kutengeneza vizuri kitu ninachokaribia kukiacha.

Maana Ijumaa, nikienda nyumbani, niliamua: ningeacha Kilimo. Hesabu ilikuwa inanikataza waziwazi. Nilikuwa nimeipiga nyuma ya daftari mara tatu, na mara zote tatu ilionyesha kwamba nikiacha Kilimo ninatupa somo langu bora na kubaki na lile linaloniangusha. Lakini hesabu isingekaa mezani na baba. Niliogopa uso wake, na huo uoga wangu nikauita uamuzi.

Jumamosi baba alikuja na koti lake la kanisani na suruali ya kijivu iliyopigwa pasi mpaka ikasimama. Alizungumza na mwalimu wa darasa, akasikia kwamba nina nidhamu, akafurahi. Nikamwambia aketi kwenye benchi karibu na jikoni nikachukue fomu kwa Deputy. Mlango wa Deputy ulikuwa na foleni ndefu. Kila mzazi aliyeingia alikuwa na lake la kubishania, na sauti zilikuwa zinatoka hadi nje. Nilisimama pale karibu saa nzima.

Nilipopata fomu na kurudi, benchi lilikuwa tupu. Koti la baba lilikuwa limetundikwa kwenye ua wa waya. Yeye alikuwa amepiga magoti kwenye tuta langu.

Alikuwa ameuliza wenzangu ni lipi, wakamwonyesha. Alikuwa amekunja suruali mpaka magotini, amekunja mikono ya shati, amepata jembe dogo sijui kutoka kwa nani. Alikuwa ameng'oa miche yangu yote. Alikuwa ameilainisha ardhi upya mpaka haina bonge hata moja, amechanganya mbolea na kuipanda miche tena, si kwa miraba kama tulivyofundishwa bali kwa kupishana, mmoja hapa, wa pili kati ya wawili, kwa jicho tu, kama wanavyopanda kahawa. Kisha alikuwa ametandaza nyasi kavu juu. Wazazi wawili walikuwa wamesimama pembeni wanatazama, na mmoja alikuwa anamuuliza kuhusu viwavi wa kwake Murera.

Nitasema ukweli: lilikuwa zuri. Matuta mengine yote yalionekana yamechezewa na kuku.

"Mami," alisema bila kuinua kichwa, "nani alikuonyesha kuzika kabeji mpaka shingo? Hizi zingekufa kufikia Jumanne. Na mbolea umeiacha bonge bonge. Mtu wangu akipanda hivi namrudisha mwanzo wa mstari."

"Baba, umefanya nini?"

"Nimerekebisha."

"Lakini haikuwa yako!"

Akainua kichwa. Sikuwa nimewahi kumpazia sauti. Mimi ni mtu wa hasira, mama anajua, lakini hasira zangu nilikuwa nazimalizia kwa mama na kwa milango.

"Si ulisema jembe ni lako na kalamu ni yangu?" nilimwambia. "Sasa umeshika zote mbili! Mimi nishike nini?"

Wale wazazi wawili waliona kitu cha kutazama upande wa jikoni. Baba alibaki na mche mmoja mkononi.

Ndipo alipofika mwalimu wa Kilimo. Tulimwita Madam tu. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye gambuti na ubao wa karatasi za alama kwapani, na alikuwa mkali kwa mambo mawili: kuchelewa na kudanganya. Alilitazama tuta kwa muda mrefu.

"Nani amepanda hapa?"

Ningeweza kusema ni mimi. Lakini baba alikuwa na udongo hadi viwikoni, na alikuwa anajivunia kazi yake.

"Ni mimi, mwalimu," alisema. "Ile ya kwanza ilikuwa mbaya sana."

"Ilikuwa mbaya," Madam alikubali. "Niliiona. Lakini ilikuwa yake."

Akamweleza taratibu, bila kumdharau, na hilo nalishukuru mpaka leo. Alama za mradi ni za mkono wa mtahiniwa. Nafasi kati ya mche na mche hupimwa kwa rula kufuatana na maagizo yaliyotumwa, na ya baba ilikuwa ya kupishana. Yeye mwenyewe ndiye anayetia sahihi kwamba mwanafunzi amefanya kazi peke yake, na sahihi hiyo haiwezi kuwa ya uongo.

"Mzee, hili ndilo tuta zuri kuliko yote hapa," alisema. "Na siwezi kulipa hata alama moja."

Kisha akanigeukia. Alisema nina njia mbili. Ning'oe yote, nipande upya kwa mkono wangu, na miche iwe ile iliyobaki kitaluni. Angekuja kupima Jumatatu ya wiki ile nyingine. Au, kwa vile anaona fomu ya kupunguza masomo tayari ninayo, niandike Kilimo na tumalize maneno.

Baba alishusha pumzi. Niliona kabisa mabega yakitulia. "Sasa si mambo imejipanga yenyewe?" alisema. "Mwalimu asisumbuke, na wewe usisumbuke. Leta hiyo karatasi tuandike." Akajifuta mikono kwenye nyasi, kila kidole peke yake, akachukua fomu na kalamu yangu, akaiweka fomu juu ya goti.

Hilo ndilo nililokuwa nimelipanga tangu Ijumaa. Lilikuwa linatokea bila mimi kusema neno. Na nilipoona ncha ya kalamu inagusa ile nafasi iliyo wazi nilisikia uchungu ambao sikuutarajia. Nilitaka tuta langu baya. Nilitaka zile kabichi zilizozikwa mpaka shingo zirudi.

"Usiandike," nilisema.

"Kwa nini?"

"Hiyo siyo ya tisa."

Baba alitazama fomu kama mtu aliyeambiwa amekosea kuhesabu. "Ya tisa ni gani?"

"Physics."

Madam alijifanya anasoma karatasi zake. Baba alikunja fomu mara mbili, akaitia mfuko wa shati, akachukua koti kwenye waya na kuanza kutembea. Nikamfuata. Tulikata barabara, tukaingia kahawani na kutembea hadi nyumbani, yeye mbele mimi nyuma. Nilikuwa na hasira bado, lakini zaidi nilikuwa na aibu, kwa sababu suruali yake ya kanisani ilikuwa na alama mbili za duara za udongo magotini na hakuwa ameikunjua vizuri.

Jumapili, baada ya ibada na chakula, aliketi nje kwenye kiti chake cha mbao akaniita.

"Leta hicho kitabu chenu cha kilimo."

Nilidhani anataka kukichana. Aliniambia nifungue mahali pa kahawa. Kiingereza chake ni cha polepole, kwa hiyo nilisoma sentensi moja moja na kumtafsiria. Alisikiliza akiinamisha kichwa upande. Nilisoma kuhusu kupanda, akasema sawa. Nikasoma kuhusu kupogoa na mashina mangapi yaachwe, akasema hapo wamekosea, hiyo ni ya udongo mwingine. Nikasoma kuhusu ugonjwa unaoozesha matunda yakiwa mabichi, na akaniambia nisome tena. Akaniambia tena. Alisema ule mwaka mvua zilipochelewa aliona mambo hayo kwa mfuatano huo huo, akamwambia meneja, na meneja akasema anafikiria.

"Hawa walioandika wameshika makasi?"

"Sijui, Baba. Labda."

"Huyu meneja wetu mpya. Huyu kijana. Alisomea nini?"

Nilimjua meneja huyo. Kila asubuhi alimwita baba pembeni, akamuuliza maswali, kisha akasimama mbele ya vibarua na kutoa majibu ya baba kama amri zake.

"Alisomea hii," nilisema. "Hii hii. Iko pale chuo kikuu, Juja. Miaka minne."

"Hii ya kabeji?"

"Hii ya kabeji."

"Atĩ kweli," alisema, na akatazama mistari ya kahawa iliyokuwa mbele yetu kwa muda. "Mimi nilifikiri ni kitu mnapewa mkae busy. Ya wale wameshindwa na zingine."

Nikakifunga kitabu.

"Na physics unapata ngapi?"

Nikamwambia. Nikamwambia D zote, muhula kwa muhula, na ile moja yenye kujumlisha. Akaniuliza D ni ya ngapi kutoka juu, nikamhesabia herufi zote, na kadiri nilivyoshuka ndivyo uso wake ulivyozidi kutulia, jambo lililonitisha zaidi.

"Umekuwa ukiamka saa kumi kwa sababu ya hiyo D?"

"Ndiyo."

"Kwa sababu yangu?"

Hapo nililia. Sikulia kwa ustaarabu. Nililia makamasi yakitoka, na nikasema ndiyo, kwa sababu yako, na kwamba nilikuwa nimechoka, na kwamba nilikuwa naichukia Fizikia na nilikuwa naogopa kumwambia kuliko nilivyoogopa mtihani wenyewe.

"Haiya," alisema. Akainuka akaenda kuwapa mbuzi maji, ingawa mama alikuwa ameshawapa.

Fomu ilibaki kwake. Jumatatu hakuitaja, Jumanne hakuitaja. Jumatano niliitafuta kwenye mfuko wa lile shati na haikuwapo. Alhamisi nilimuuliza mama, naye akaniambia niachane na baba yangu, mtu akinyamaza si lazima achokozwe. Nilianza kuzoea wazo kwamba ataandika Kilimo, na kwamba mimi nilikuwa nimepata nafasi ya kusema na nimeshasema.

Ijumaa saa nne niliitwa kutoka darasani. Baba alikuwa ofisini kwa Deputy akiwa na nguo za kazi na buti zenye udongo mwekundu. Alikuwa ameomba ruhusa kwa yule meneja kijana. Fomu ilikuwa juu ya meza, na kwenye nafasi ile alikuwa ameandika kwa herufi kubwa zinazolingana, zile anazoandikia magunia: FIZIKIA.

Deputy alivua miwani. "Mzee, una uhakika? Three sciences zinafungulia mtoto milango mingi. Huyu unaweza kumfungia engineering kabisa."

"Mwalimu, mimi naangalia watu shambani," baba alisema. "Mtu akishindwa na mstari mmoja, namhamisha mstari. Simfukuzi."

"Lakini unajua Kilimo..."

"Najua kilimo," baba alisema.

Akatia sahihi. Tulipotoka nje nilitaka kumshukuru, akaniwahi. "Usifikiri imeniingia vizuri, Mami," alisema. "Imeniuma. Miaka hii yote nimekuwa nikikuona na ile helmeti." Kisha akaenda zake kazini. Nilibaki pale uani nikiwa nimepata nilichotaka, na sikujisikia mshindi. Nilimwonea huruma, na nilijichukia kidogo.

Mwalimu wa Fizikia nilimwambia mchana huo huo. Aliniambia nimefanya vyema, kwa haraka iliyoonyesha kwamba amelingoja neno hilo kwa muda. Hata hilo liliniudhi.

Watu nikiwasimulia haya huuliza matokeo yalikuwaje, kana kwamba matokeo ndiyo yatakayoamua nani alikuwa na haki. Nilipata A ya Kilimo, lakini kwa shida, kwa sababu hatua ile ya upandaji niliipoteza karibu yote. Miche iliyobaki kitaluni ilikuwa mirefu, myembamba, ya manjano. Kabichi zangu zilitoka ndogo kuliko za wenzangu wote. Sasa nasoma Juja, hiyo hiyo miaka minne, na shamba alilokuwa akilisimamia baba limebaki kipande cha kuzunguka ofisi.

Siku ninayoikumbuka ni Jumamosi baada ya ile Ijumaa. Nilikwenda shuleni asubuhi kupanda upya. Baba alisema anapita Ruiru kununua dawa ya mbuzi, tukaondoka pamoja. Tulipofika shuleni hakuendelea na safari. Alisimama nje ya ua wa waya, upande wa barabara, hatua chache tu kutoka tuta langu, na akatia mikono mifukoni.

Kwanza ilibidi ning'oe za kwake. Zilikuwa zimeshashika. Wiki moja tu na zilikuwa zimesimama wima, majani yamekuwa na ule ubuluu wa kabichi yenye afya, na mizizi ilitoka na udongo wake. Nilizing'oa moja moja mbele ya macho yake nikazipanga pembeni kwa ajili ya mpishi. Niliondoa nyasi alizotandaza. Nikafunga kamba kwenye vigingi, nikatoa rula.

Nilikuwa polepole. Niliona kutoka pembeni mwa jicho kwamba anahamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Nilipanda mche wa kwanza, nikapima, nikapanda wa pili. Wa tatu niliuinamisha. Nikasikia amevuta pumzi ya mtu anayetaka kusema, nikangoja, na hakusema. Nilipofika mstari wa pili nilimwangalia. Alikuwa amenipa mgongo. Alikuwa anatazama barabarani, ambako hakukuwa na kitu cha kutazama, mikono yake ingali mifukoni, na alikaa hivyo mpaka nilipomaliza mistari yote na kumwagilia mtungi mzima.

"Baba, nimemaliza."

Akageuka. Alilitazama tuta kuanzia upande mmoja hadi mwingine, kila mche, kama alivyotazama mistari ya watu wake kila jioni. Niliona macho yamefika kwa ule wa tatu na kusimama pale.

"Naweza kuingia nione?"

"Hapana," nilimwambia. "Ona ukiwa hapo."

Akaona akiwa hapo.